Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Seli Zinazojila

Mheshimiwa Shangazi, Mgeni Rasmi, uliyekubali kuacha shuka lako na kuketi nasi. Mheshimiwa Mama, uliyebanwa na majukumu ya kitaifa huko jikoni. Ndugu viti vinne, mliojitokeza kwa wingi. Mheshimiwa friji, usiyechoka kunguruma. Wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Shangazi anapiga makofi taratibu, mkononi bado ana plasta ya dripu.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu usiopimika, nikiwa Mkurugenzi Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Seli, msomi aliyemaliza shule juzi, ambaye katika miaka yote ya masomo aliinua mkono darasani mara moja tu, na hiyo mara moja alikuwa anaomba kwenda msalani. (Shangazi: "Hapo umesema kweli!" Kicheko.)

Ndugu wananchi, kama alivyotufafanulia yule daktari mtafiti aliyetembelea shule yetu, seli hukusanya vyombo vyake vilivyochakaa, huvifunga kwenye kifuko, huvimeng'enya na kujijenga upya kwa mabaki hayo, mchakato ambao wataalamu wanauita otofajia, yaani kujila bila kujimaliza. Na ikishindwa kabisa kujikarabati, seli yenye adabu zake hujiua kimyakimya, ilhali ile ya saratani hung'ang'ania kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado amekaa. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, naagiza kila seli mwilini mwa Shangazi iongeze kasi ya kujila kwa asilimia mia mbili, kwa kuzingatia mpango mkakati shirikishi, ifikapo mwisho wa robo ya pili! (Vifuniko vya sufuria vinagongwa jikoni.)

(Shangazi anainua mkono. "Mheshimiwa, samahani. Na hizo za saratani nazo zikijila, si zitajikarabati zizidi kuishi?")

Swali zuri sana, Mgeni Rasmi. Swali hilo litaundiwa kamati.

("Nauliza kweli, mwanangu. Jumatatu narudi hospitali kutundikiwa dripu ya saratani, na mwili ni wangu.")

Kamati hiyo, ndugu viti, ina mwenyekiti mahiri, mwenye maono, ambaye... hajui. (Shangazi hashushi mkono.)

Seli safi! (Mama, kutoka jikoni: "Taifa safi!") Kujila! ("Ni kujijenga!")

Nihitimishe kwa kuwashukuru wafanyakazi wa Kituo, ambao hawapo. Maabara yetu ya kisasa, ambayo haipo. Na Kituo chenyewe, ambacho hakijawahi kuwepo hata siku moja. Kilichopo ni namba ya simu ya yule daktari, aliyeniambia, "Binti, nipigie kabla Ijumaa haijaisha, natafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara huku akijifunza." Ijumaa yenyewe ndiyo leo, na mkurugenzi wenu kila akifika tarakimu ya mwisho anafuta zote.

("Lete hiyo simu," anasema Shangazi. "Wewe huombi kitu. Unanipelekea swali langu." Anabonyeza, ananishikisha. Inaita.)

Asanteni sana kwa kunisikili... Halo? Shikamoo, daktari. Samahani kwa usumbufu. Nina swali.