Cherehani Iliponyamaza

Jumatano, 5 Juni

Kuanzia leo naandika habari zangu. Watu wakubwa huandikwa, na naona wengine wanachelewa kuniandika. Mimi ni fundi pancha. Shule niliiacha njiani, na hasara ni ya shule.

Kikundi chetu cha kusoma Biblia kimefurika. Tunakutana ghorofani kwa Mama Cherehani, chumba chake cha kushonea, na sasa wengine tunakalia majora ya vitambaa. Leo ametangaza: kikundi kitagawanywa, kiongozi mpya atakuzwa, na kikundi kipya kitakutana nyumbani kwake huyo kiongozi. Kila anayejaribiwa anapewa jioni moja aongoze. Mama Cherehani mwenyewe atampa mgongo na kushona, asikilize tu. Tena, anayetaka uongozi lazima amwandae na mwenzake mmoja, naye ajaribiwe.

Kiongozi! Nani kama si mimi? Sauti ninayo. Shati la mikono mirefu ninalo.

Nimemwambia Bibi, aliyenilea. Miguu yake imezikataa ngazi, siku nyingi hajaimba na watu. Huwa ananiomba nimwimbie nyimbo tulizoimba, kisha ananiomba ninyamaze. Nikishinda, kikundi kitakuja sebuleni kwetu. Bibi atakaa kitini pake, ibada imfuate yeye. Lakini hiyo si sababu. Sababu ni kipaji changu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemchagua wa kumwandaa: Kimya! Kijana wa kwenye tanuri la mikate. Akisalimiwa leo anaitikia kesho. Mpinzani salama kabisa.

Nimemfundisha hapa kijiweni, huku nikiziba tairi. Nimemwambia kazi ni nyepesi: soma, uliza swali moja, halafu funga mdomo. Hapo mimi nitaingia na majibu, watu waone nani ni nani. Hiyo ya mwisho sikumwambia. Akauliza, watu wasipojibu je? Nikamwambia azidi kufunga mdomo.

Kanishukuru, maskini. Kanipa mkate wa moto. Nimeula bila aibu.

Jumatano, 12 Juni

Ushindi!

Nimeongoza somo la Petro kutembea juu ya maji. Nimeuliza maswali mazuri na kuyajibu vizuri zaidi. Nimeigiza upepo. Nimeigiza mashua. Dereva wa lori, mzee wa watu asiye na maneno, alifumba macho kwa kuguswa, akaguswa mpaka akakoroma.

Na Mama Cherehani? Cherehani iliunguruma mwanzo hadi mwisho, haikusita hata mara moja. Angesikia kosa si angesimama? Gauni zima la bibi harusi limekwisha nikiwa bado nazama na Petro.

Nimerudi nikahamisha meza ya sebuleni. Bibi kauliza meza imekosa nini. Nikamwambia ajizoeze kupokea wageni.

Jumatano, 19 Juni

Zamu ya Kimya. Kasoma habari ileile, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kisha kauliza: wale waliobaki mashuani wakimwona mwenzao anazama, walifanya nini?

Akafunga mdomo. Nilivyomfundisha!

Ghafla cherehani ikanyamaza. Nikajua kijana kaharibu. Nikavuta pumzi nimwokoe. Mama Cherehani, hata bila kugeuka, akaniinulia mkasi. Nikaimeza ile pumzi.

Ukimya ulikuwa mrefu mpaka nikawashwa. Ndipo Dereva akaongea. Akasema yeye ni wa mashuani. Mwanawe alipoteza kazi, akaja nyumbani kuomba pa kulala, na yeye akamfokea mpaka kijana akaondoka. Anaijua namba yake ya simu. Hajapiga.

Kimya hakuhubiri. Kasogeza kiti akakaa karibu naye, akauliza mtoto anapenda kuitwa nani, tukamwombea. Mama Cherehani alikuwa kashatugeukia, pini bado midomoni, machozi yanamtiririka.

Vumbi la vitambaa ni baya. Hata mimi liliniingia.

Alhamisi, 20 Juni

Kimya ndiye kiongozi. Mama Cherehani kanieleza kwa upole: mtu akihubiri yeye hushona, watu wakifunguka mkono wenyewe humsimama. Sasa hilo si angelisema mapema!

Nimejaza tairi upepo mpaka likapasuka. La mteja.

Nyumbani nimemwambia Bibi nina mafua. Akasema mafua yangu hayajawahi kuninyamazisha. Nikamweleza yote. Akanishika kichwa kama nilivyokuwa mdogo, akasema kiti chake hakina haraka. Hapo ndipo iliponiuma.

Mara hodi. Kimya, na mkate. Akaniita kaka, akasema chumba chake kinamtosha yeye na viatu vyake, vikundi haviingii. Akauliza, akitazama sakafu, kama Bibi angekubali tukutane hapa. Eti kila nikimfundisha namtaja Bibi. Mimi? Sikumbuki.

Bibi akapaza sauti kutoka kitini: mkate huo unapoa mlangoni kwa nini?

Jumatano, 26 Juni

Sebule imejaa. Dereva kafika wa kwanza: alipiga simu, mtoto kapokea. Hawakuongea sana, ila kapokea.

Bibi kaimba kuliko wote, na kakosea sauti kuliko wote. Macho kafumba, miguu yake mibovu inapiga mapigo chini ya kanga. Sasa najua sauti yangu nimeirithi wapi. Sikutaka amalize.

Mama Cherehani alikuja kutuaga sisi wa kikundi kipya, akanishauri nijifunze kusikiliza. Nimelishika hilo vizuri sana. Mbinu ya kufunga mdomo ni ya nani kama si yangu? Na kikundi hiki kikijaa nacho kitagawanywa, kiongozi atatakiwa. Nimeshamwambia Bibi aanze kualika majirani.

Jumatano ijayo nitanyamaza kuliko mtu yeyote pale. Nimeandaa hotuba ya kuwaeleza jinsi nitakavyonyamaza.