Kardani za Mama Ngalula

"Fundi gani huyu, hana ata doa la mafuta ku mikono?"

Mama Albertine aliuliza vile siku moja, mbele ya lupangu yake, kiwanja cha nyumba, mu mutaa wa Kenya, akimuona Anaclet anapita na shati nyeupe na suruali yenye kunyooshwa kama wembe.

Anaclet hakukasirika. "Mama, munganga anatembea na damu ku mikono? Mimi ni munganga wa motokari. Kuchafuka ni kazi ya bale benye hawajui kusikiliza."

Kusikiliza, kweli, alijua. Si motokari, habari. Ile asubui alikuwa amesikia kama tata Godefroid, dereva, alikufa, na kama alimuachia mujane wake Ngalula motokari nyeusi ya zamani, ya ile namna yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele. Alisikia tena kama bashemeji ba Ngalula, bandugu ba mufu, bako mu treni, banatoka Kasai. Na desturi inajulikana: bashemeji hawaji kulia tu. Banalia pa mulango, kisha banaingia kuangalia bintu: kitanda, baiskeli, motokari. Machini ya kushona njo banaiacha, juu ile ni kintu ya mwanamuke.

Anaclet alikuwa na machini ya kushona muzuri sana. Aliipata kwa kumushinda mushonaji mumoja mu karata. Karata zenyewe zilikuwa zake.

Akatuma neno kwa Ngalula kama kesho atapita kumupa pole. Kesho yake, pa njia, akainama mbele ya Albertine, mwenye alikuwa amefungua nati za machini yake ya kusaga karanga, akafunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, nati moja ilikuwa imepanda pamoja naye.

Ngalula alikuwa pa kizingiti, mu nguo nyeusi, rozari ku shingo, anachambua majani ya sombe.

"Pole, mama. Kifo haina adabu."

"Asante, tata. Ikala pa kiti."

"Siikali, mama. Bashemeji bako mu njia, na moyo wangu unaniuma juu yako. Niache nijaribu motokari, nikuambie bei yake ya kweli."

Akaizungusha mu njia: akapinda kushoto, akapinda kuume. Kimya. Ilitembea kama sista anaenda ku komunyo. Anaclet akafurahi ndani ya tumbo, uso wake ukabaki wa maziko. Akashuka, akapiga goti karibu na gurudumu la mbele kama muntu wa kusali, akatia ile nati chini ya kifuniko cha gurudumu. Ngalula hakuinua macho mu sombe.

"Mama, kuja upande ndani, usikilize."

Kla-kla-kla-kla, mpaka ku kona, na kurudi.

"Unasikia? Ni kardani, mama. Bile bifupa bya ndani, byenye kupeleka nguvu ya motere ku magurudumu. Zimekwisha. Bashemeji bakiiona vile, batasema ni weye uliiharibu."

Ngalula akatikisa kichwa. "Ata mufu alisema vile. Sitaki kukuficha, tata. Kardani za hii motokari zimekwisha."

Anaclet karibu acheke. Miaka yote ya kazi, hakupata mwenye kumusaidia kudanganya vile. Akameza kicheko, akasema juu ya huruma yake tu, atamupa machini ya kushona, aichukue hii maiti ya chuma.

"Muzuri," Ngalula akasema. "Lakini useme mbele ya katekista, kusudi kesho usinilaumu."

Katekista Dominique akaitwa. Anaclet akaweka mukono ku kifua, sauti ikatetemeka kama ya mwenye kuungama: "Mbele ya Mungu, kardani za hii motokari zimekwisha, zote mbili. Ninaichukua vile iko."

Machini ikaingia mu nyumba. Motokari ikatoka mu lupangu. Pa kona, Anaclet akatoa nati, akaitia mu mufuko, akaenda kumubeba Paulin, muchuuzi wa samaki, mwenye alikuwa anatafuta motokari isiyo na ugonjwa.

Kwanza ilikuwa utamu. Kisha motere ikapata moto, bakapinda ku soko. Ka! Ka! Ka! Volani ya kupindia ikatetemeka mu mikono.

"Fundi," Paulin akasema, na mukono wake ulikuwa tayari ku mulango, "hii si motokari, ni sahani ya mifupa." Akashuka.

Anaclet akarudi mbio kwa Ngalula, motokari inalia ku kila kona. Akakuta bashemeji bamefika, banamega tonge za bukari pamoja na katekista. Ngalula alikuwa nyuma ya machini, anashona.

"Mama! Hii motokari..."

Shemeji mukubwa akainua kichwa. "Ile motokari si ya ndugu yetu?"

"Ilikuwa yake," Ngalula akajibu. "Kardani zimekwisha. Fundi mwenyewe atawaambia."

Wote bakamuangalia. Akisema ni nzima, bataichukua. Akisema imekufa, basi ni ile aliapa, hawezi kudai machini yake. Anaclet akatafuta njia ya tatu; haikukuwa.

"Zimekwisha," akasema.

"Basi ubakie nayo," shemeji akasema, akarudia bukari.

Ngalula akakata uzi kwa meno. "Mufu alikuwa anazijaza grisi nzito kila juma, juu zisipige kelele mbele ya kanisa. Zinanyamaza mpaka zipate moto. Uliposema utakuja, nami nikajaza. Mugeni anaheshimiwa."

Anaclet akageukia mulango.

"Na tena, tata: kardani inalia wakati wa kupinda. Yako ililia ata mu njia ya sawasawa." Akageuza kitambaa chini ya sindano. "Ile nati, umurudishie Albertine. Anaitafuta tangu ulifunga kiatu mbele yake, anashindwa kusaga karanga."

Anaclet akatia mukono mu mufuko, akaweka nati pa meza kando ya machini, akatoka.