Joka Langu Limelala Chooni kwa Baba Mdogo

Leo nimepatikana, jamani. Na shati nilikuwa nimelipiga pasi.

Mnajua nachora ramani za nchi ambazo hazipo. Falme, misitu ya mazimwi, mito ya kubuni. (Ndiyo, ni kazi. Acheni.) Dada Neema, mwandishi wa riwaya, aliniagiza ramani ya ufalme wa kitabu chake. Sharti lake moja: "Nataka nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Ukiniletea ya kuiga, sichukui."

Nikaapa. Nikamwita aje kuichukua nyumbani Kibosho, si mjini. Ukungu, migomba, mlima nyuma yangu. Bei inapanda yenyewe.

Akafika. Nikaitandaza barazani. Akashika kifua. "Kaka, haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani." (Nilisema mara mbili, ili iingie.)

Hapo akatokea Baba Mdogo na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tukamwamkia.

"Marahaba." Akainama juu ya ramani. Akafuata mstari mmoja kwa kidole. Nikajua nimekwisha.

"Huu si mfereji wetu? Unapinda palepale kwenye jiwe."

"Huo ni Mto wa Machozi, Baba Mdogo."

"Machozi ya nani? Na vimajani hivi si isale la mpakani? Mbona umelisogeza kwa jirani?"

Nililisogeza kidogo tu, dira ipate nafasi! Lakini mnajua kwetu: isale likishapandwa mpakani, hakuna wa kuligusa. Mzee akatua mzigo.

"Jirani akiiona hii atasema tumeanza kumlia kihamba chake, shamba la urithi!"

"Ni ufalme wa kubuni!"

"Wa kubuni una zizi letu? Na huyu mdudu mwenye mabawa mbona amelala chooni?"

(Ni joka. Na ndiyo, limelala chooni. Pale ndipo palipobaki wazi.)

Shangazi akatoka jikoni na mwiko. "Kwangu ni wapi?" Akaonyeshwa. Akasoma kwa sauti, polepole: "Jangwa la Wachawi." Akanitazama. Mwiko nao ukanitazama.

Dada Neema alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo kaka, kichwani kwako kuna zizi?"

"Nipunguze bei?"

"Nipe nchi nyingine. Jumamosi. La sivyo natafuta mchoraji mwingine."

Nimekubali. Karatasi mpya iko mezani, na sinyanyuki mpaka nipate mto usiomwagilia migomba ya mtu. Baba Mdogo ameketi pembeni, analinda mpaka.

Anayecheka aandike hapo chini anakokaa. Bado natafuta pa kuliweka jangwa.