Winga wa Upande wa Jukwaa

Jumatatu, 4 Mei

Nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka chai imemwagikia jezi ya mazoezi. Felisiani, mtunza vifaa wa timu yetu ya Nyuki FC, anasema Jumamosi tukicheza na watu wa Tabora atakuja skauti wa timu kubwa ya Dar es Salaam. Skauti! Hapa Mpanda! Tena anatafuta winga!

Mimi ni winga. Winga wa kulia, namba saba, niko kwenye mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa, na mkataba wenyewe unaisha mwisho wa mwezi huu. Kocha Ezekia hajasema kama ataniongezea. Nikimsogelea kuuliza, anakumbuka ana simu ya kupiga. Kwa hiyo ni skauti huyu, au nirudi kijijini Mamba nikafukuze ndege kwenye mpunga wa mama.

Tatizo ni moja. Kipindi cha kwanza winga wa kulia anacheza upande wa mzunguko, kule mbali kwa watu wa kiingilio cha bei ndogo, kwenye nyasi ndefu na mbuzi wa watu. Upande wa jukwaa, wanakokaa wakubwa kivulini, anacheza winga wa kushoto, Innocent. Kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, kulia kunakuwa jukwaani. Lakini kipindi cha pili mimi sipo! Kocha ananitoa kila mapumziko. Anadai pumzi yangu ni ya kipindi kimoja. Innocent hatolewi. Amekulia kwenye milima ya Mwese, ana mapafu ya punda.

Sasa skauti ataniona saa ngapi? Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 5 Mei

Nimemwomba Innocent tubadilishane, yeye kulia, mimi kushoto. Kwa adabu kabisa, hata maji nimempa. Akasema niongee na kocha. Nimeongea na kocha. Akaniuliza kama mguu wangu wa kushoto umewahi kufanya kazi nyingine zaidi ya kusimamia. Wachezaji wakacheka. Innocent naye akacheka! Sitasahau.

Mama Pelagia, mzazi wangu, amepiga simu. Anakuja Jumamosi kuniona nikicheza, mara ya kwanza tangu nisaini. Ametanguliza kiroba cha mchele mpya kwa basi, amekishona mdomo kwa uzi mwekundu ili wa njiani wasikifungue. Akaniuliza kama kweli nitapangwa. Nikamwambia mama, namba yangu haigusiki.

Jumatano, 6 Mei

Watu wa Dar wenye hadhi yao wanakuja na ndege. Hilo halihitaji shule. Leo ndege ilikuwa inatua, basi nikapakia kiroba cha mama kwenye bodaboda, nikaenda kusimama nje ya kiwanja cha ndege.

Nilimtambua hapo hapo. Tumbo, miwani myeusi, viatu vinang'aa, simu mbili. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ndiye kijana mwenyewe, karibu Mpanda, huu ni mchele wa kwetu Mpimbwe. Akashtuka, kisha akafurahi sana. Akasema anaitwa Patrick, na alikuwa na wasiwasi kwamba vijana wa huku hawajajipanga. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema kingine atakiona uwanjani. Akacheka, akasema Jumapili mambo yatakwenda vizuri. Nikamwambia Jumamosi. Akasema Jumapili. Nikaona si vizuri kubishana na mkubwa.

Bila shaka Jumapili ndiyo siku ya kusaini.

Alhamisi, 7 Mei

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa funguo.

Mazoezini alikuwepo mzee mmoja mwembamba, mgeni, kashuka na treni ya kutoka Tabora. Kofia imechoka, kandambili miguuni. Akazunguka uwanja taratibu. Alipofika kwenye kona ya mzunguko, upande wangu ule ule, akachuchumaa, akachimba udongo kwa kidole, akausugua kiganjani. Mtu wa treni ya Tabora! Na sisi keshokutwa tunacheza na Tabora! Anachezea udongo wa kona!

Sasa mimi nilikuwa nimeshapanga kuvumisha kwamba upande ule umechezewa kwa uchawi, ili kocha aogope kuniweka huko. Nilikosa ushahidi tu. Ushahidi ukajileta wenyewe kwa miguu. Nikapiga kelele, mshikeni huyo! Mazoezi yakasimama. Mashabiki wakamzunguka, wakamuuliza amefuata nini. Kisha wakaanza kumsukuma, na mzee akachomoka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri ule. Kandambili moja ikabaki. Kamati ya ufundi, ambayo ufundi wake wote ni kumwagia vitu maji ya chumvi, ikaimwagia maji ya chumvi na kuizika nyuma ya choo.

Lakini jibu lake! Alisema mbele ya watu, bila hata kuficha, kwamba amemfuata winga wa kulia, namba saba.

Mungu wangu. Mimi! Nilitunga uongo, kumbe ni kweli! Nimejifunika shuka gubigubi mchana kweupe.

Ijumaa, 8 Mei

Kocha Ezekia siku zote anasema haamini mambo haya. Leo amesema bado haamini, ila hakuna sababu ya kumweka mtu kwenye matatizo. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikapendekeza mimi nihamie kushoto, na Innocent, ambaye hakutajwa na mtu, aende kulia. Na jezi tubadilishane pia. Yeye avae saba, mimi nivae kumi na moja yake. Hicho kitu kikija kumtafuta namba saba, kimkute mwingine.

Kocha akafikiri sana. Akakubali! Sikuamini masikio yangu.

Innocent akasema sawa tu. Eti kwao amepita usiku kwenye njia mbaya kuliko kona ya mpira, tena ana rozari yake. Nimemwonea huruma kidogo. Imepita.

Jukwaa ni langu!

Jumamosi, 9 Mei

Sina maneno. Lakini wacha niandike.

Tulikataa kupita getini, maana geti nalo linaweza kuwa limechezewa. Tukaruka ukuta, kama zinavyofanya timu zenye akili. Wenzangu wote waliruka salama. Bukta yangu ilinasa juu ya ukuta, ikabaki huko huko. Nimecheza na bukta ya Felisiani, na Felisiani ni mnene.

Mkono mmoja umeshika bukta, nikasogea mbele ya jukwaa kutafuta tumbo na miwani. Patrick hayupo! Nimepekua kiti kwa kiti. Wapo wakubwa watatu na mama muuza sambusa. Nikapiga chenga mbele ya viti vitupu, nikidhani amechelewa. Nikapiga krosi ya mguu wa kushoto. Mpira ukaenda jukwaani, ukaibeba sambusa ya mkubwa mmoja toka mkononi. Mapumziko kocha alinionyesha benchi kwa kidole.

Na Innocent! Jamani, Innocent! Na saba yangu mgongoni! Kwenye kona ile ile aliyoichezea mchawi alipiga krosi, goli. Baadaye akaukokota mpira toka kati, akawaacha mabeki wamekaa chini, goli. Mzunguko mzima ukawa unaimba saba, saba, saba.

Kule mzunguko nikamwona mama, amekaa kwenye kanga aliyoitandika. Na pembeni yake, kwenye kanga hiyo hiyo, nani? Yule mzee! Mguu mmoja kandambili, mguu mmoja mtupu! Wanakula karanga pamoja! Nikasimama kwenye benchi, nikapunga mikono yote miwili, mama hama hapo! Bukta ikashuka. Uwanja mzima umeniona isipokuwa mama. Macho yake ya mbali si mazuri. Alikuwa anampigia makofi namba saba.

Tumeshinda mawili bila. Mimi tu ndiye nimenuna.

Jumapili, 10 Mei

Leo nimeshtuka mpaka nimechoka kushtuka.

Mama Fausta, mwenye nyumba wangu, alikuwa anapokea wageni wa posa ya binti yake. Mama yangu alilala hapa, kwa hiyo akakaribishwa kukaa na wazazi. Mshenga akaingia. Tumbo. Miwani. Simu mbili. Patrick! Nyuma yake vijana wamebeba kiroba. Akasema kwa heshima zote kwamba mchele huo ni wa upande wa kijana, na uliletwa mpaka kiwanja cha ndege na mdogo wake bwana harusi mtarajiwa. Akanionyesha mimi, anatabasamu.

Mama akautazama uzi mwekundu. Akanitazama mimi. Akautazama tena uzi. Lakini huwezi kudai mchele wako katikati ya posa ya watu. Mama Fausta akapiga vigelegele.

Kabla sijapata pa kujificha, hodi! Kocha Ezekia, na yule mzee. Kandambili moja ya zamani, moja mpya ya rangi nyingine. Nikakimbilia nyuma ya mama. Kocha akasema huyu ni mzee Laurence, ndiye skauti.

Skauti!

Aliniona Desemba tulipocheza Tabora. Anasema nilikuwa na kasi nzuri ila nateleza mno, ndiyo maana akaja kuushika udongo wa hapa, ajue kosa ni la uwanja au la miguu yangu. Jana walimkatalia jukwaani kwa sababu ya mguu mtupu, akaenda kukaa mzunguko. Akamuuliza mama mmoja kama anamjua namba saba. Mama huyo akamwambia ni mwanawe wa kumzaa. Basi amekuja kumwomba mama kijana wake, asafiri naye kesho kwa treni.

Mama akaanza kulia kwa furaha. Mzee Laurence akatazama huku na huku, akauliza, kijana mwenyewe yuko wapi?

Kumbe kocha alikuwa ameambiwa tu ampeleke kwa mama wa namba saba. Ilibidi kocha aeleze. Kona, udongo, jezi, yote. Mama akaacha kulia. Akaniuliza, taratibu tu, "Kwa hiyo jana nilikuwa namshangilia nani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Laurence anamchukua Innocent. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma. Amesema Agosti atapita tena. Ameniomba kitu kimoja, nicheze upande wangu.

Jumatatu, 11 Mei

Treni imeondoka na Innocent. Alinirudishia namba saba, ameifua na kuikunja vizuri, akanikumbatia. Nimelia stesheni, tena kwa sauti, na walioniona wameniona.

Kocha amekubali kunibakiza mpaka Agosti. Nimeapa mbele ya mama kwamba mipango basi. Kucheza tu. Mama amepanda basi la kurudi Mamba bila kuniambia kama ameniamini.

Ila kuna kitu nimekigundua ambacho wenzangu hawajakigundua. Skauti havai miwani. Skauti anavaa kandambili, na anachuchumaa.

Jioni nimepita uwanjani. Yupo mmoja! Kofia, kandambili, amechuchumaa kwenye kona ile ile ya mzunguko, ananoa fyekeo. Felisiani anasema ni mfyeka nyasi mpya. Felisiani hajui kitu. Nimemnunulia mzee soda baridi, nikamwambia mimi ndiye winga wa kulia. Akanitazama toka juu mpaka chini. Akanipa fyekeo, akasema nianzie kona hii niishie kona ile.

Ananipima pumzi! Nimefyeka upande wote wa kulia bila kupumzika, kipindi cha kwanza na cha pili. Yeye amekaa kivulini na soda yake, ananitazama kwa makini sana. Mwishoni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Amesema kesho nije mapema, bado upande wa jukwaa.