Tairi la Nyuma na Uzito wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Fundi wa pikipiki pale kona amenivunjia heshima. Mbele za watu! Nilikuwa napita tu, sina ugomvi na mtu. Akabonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba, akauliza kama nimelirithi kwa babu. Kibanda kizima hoi kwa kicheko. Nikasema tairi jipya ninalo nyumbani na nitalifunga mwenyewe. Akasema kwenye pikipiki mimi ninachokiweza ni honi. Honi! Nikaondoka kifua mbele, moyoni naungua.

Haraka ninayo kweli. Jumamosi asubuhi mke wangu anapeleka gauni la bibi harusi, kazi yake kubwa ya kwanza tangu aanze kushona. Likifika zuri na kwa wakati, amepata jina. Likichelewa, nani atampa kazi tena? Nimemwahidi nitampeleka mimi. Akatazama tairi, akanitazama mimi, akasema sawa mume wangu. Sikuipenda ile sawa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Gurudumu limetoka! Nati zote ninazo mfukoni, nadhani. Lakini tairi kuukuu limeng'ang'ania rimu. Nimelikanyaga. Nimelirukia. Nimelitukana. Wapi!

Ndipo akili ikafunguka. Weka gurudumu chini ya mguu wa kitanda cha wageni, halafu tafuta uzito wa juu. Uzito ninao: mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita, mama wa kushiba. Lakini mkwe unamwambiaje jambo kama hilo? Nikajitia adabu. Nikasema Mama umechoka, njoo upumzike. Nikampangia mito upande ule ule wa gurudumu. Akauliza mbona kitanda kimepanda upande mmoja. Nikasema ni kwa faida ya mgongo, madaktari wanashauri. Nikamletea chai. Akasema hajapata kuona mkwe mwenye moyo kama wangu. Niliona haya kidogo. Kidogo tu. Nikamwomba asogee ukingoni zaidi.

Paa! Tairi likaachia, kitanda kikashuka, chai ikaruka ukutani. Nikapiga magoti kuomba radhi. Mama akainama, akachungulia uvunguni. Kisha akacheka mpaka machozi. Akasema kama nilitaka uzito ningesema mapema, angekuja na dada yake. Nampenda sana mama huyu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Tairi jipya lina kiburi. Vyuma vya kubandulia sina, na kwenda kuviazima kule kona, afadhali nife. Nikachukua vijiko vya kupakulia vya mke wangu. Vimepinda kidogo. Nimevirudisha kabatini chini ya vingine. Sabuni ya kulainisha imekwisha, kwa hiyo nikapaka mafuta ya kupikia, bila uchoyo. Tairi likaingia lenyewe! Nikapiga pampu, likajaa ndi! Nimeizunguka nyumba nikipiga honi. Mama mkwe amenipigia makofi. Mke wangu amenusa, akauliza mbona pikipiki inanuka kama jikoni. Nikapiga honi tena.

Jioni nikapita kona makusudi, taratibu, nionekane. Fundi akauliza nimepaka nini. Nikasema siri ya kazi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika nikiwa bafuni, mlango nimeufunga. Tulitoka vizuri, gauni limefungwa ndani ya shuka safi, mke wangu kalipakata. Kwenye kilima nikaongeza mwendo. Pikipiki ikaanza kuyumba kama mlevi. Nikasimamisha. Tairi chini kabisa! Eti yale mafuta yalilifanya tairi liteleze juu ya rimu, likaburuta tyubu, valvu ikang'oka. Najua hayo kwa sababu aliyenieleza alikuwa nyuma yetu. Nani? Wa kona! Mama mkwe alimwomba atufuate. Mama mkwe! Nampenda bado, lakini loo.

Fundi hakucheka. Bora angecheka. Akampakia mke wangu na gauni lake, wakaenda. Mimi nikasukuma pikipiki hadi nyumbani, jasho chapachapa. Njiani aibu hata sikuikumbuka. Nilikuwa namwona mke wangu pale barabarani, kalinyanyua gauni juu lisiguse vumbi. Wiki nzima ameinama akilishonea shanga. Nilitaka kulia.

Karudi anaimba. Gauni lilifika mapema, bibi harusi kalia kwa furaha, na wageni wawili wanataka magauni yao kwa Jumamosi ijayo. Nikamwomba msamaha. Akanifuta grisi puani, akasema aliolewa na mimi, hakuolewa na tairi. Ila nisiguse tena kitu chenye nati. Nimeapa, tena kwa moyo mmoja.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu na mama yake wamekwenda kununua vitambaa vya yale magauni mawili. Mwanamke wa thamani namna hii, nimpe zawadi gani? Nikakumbuka cherehani yake inalia kidogo. Nimeikagua: nati hamna, skrubu tupu, kwa hiyo kiapo changu hakijaguswa. Nimeifungua yote, nimeipangusa, nimeifunga. Sasa hailii hata kidogo. Haizunguki pia, nadhani inahitaji kuzoea. Kimebaki kispringi na vyuma kadhaa, vya akiba bila shaka. Nawasikia mlangoni, wanacheka. Nimeifunika kwa kitambaa, niifunue mwenyewe mbele yake. Atafurahi huyo!