Bakshishi Imeshajumlishwa

Jumatatu, 9 Februari

Chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Pelikani na Lorraine Pavone, saa kumi na nusu. Ukikaa kabla ya saa kumi na moja bei inapungua, na kijiji chetu kizima cha wastaafu kinalijua hilo. Foleni mpaka kwenye maegesho. Lorraine alikula kuku, nusu akafungasha. Mimi nilifungasha mikate ya bure na pakiti za sukari. Kila mtu na lake.

Lorraine ni mjane. Akicheka meza inatikisika. Ana nafasi mbili kwenye meli ya Bahama mwezi ujao, na dada yake aliyekuwa aende naye kavunjika nyonga. Maskini dada. Sasa anatafuta mwenzake wa safari, na ametamka wazi kwamba ni mimi au Hal Dunleavy. Atatoa jina Jumanne ya wiki ijayo. Nimekula peke yangu tangu mke wangu Shirley afariki, mara nyingi nikiwa nimesimama jikoni. Naitaka safari hii mpaka naona aibu kuiandika.

Bili ikaja. Msimu huu wa baridi, watu wa kaskazini wakishafurika Florida, Pelikani huongeza asilimia ishirini wenyewe, fungu la mhudumu. Hujaulizwa. Chini yake wanaacha nafasi: bakshishi ya nyongeza, ukipenda. Sikupenda. Nikapiga mstari.

Lorraine akauliza kama simwachii Yolanda, mhudumu wetu, kitu. Nikamweleza kwa upole kwamba imeshajumlishwa. Alifungua mkoba, akatoa noti yake mwenyewe, akaisukuma chini ya kichupa cha chumvi. Nilikuwa nimesahau: kabla ya kuolewa na fundi bomba, alibeba sahani New Jersey nusu ya maisha yake. Husema mwanamume anamsoma kwa anachoacha mezani.

Njia nzima hakucheka. Ishara mbaya.

Jumanne, 10 Februari

Leo zamu ya Hal. Daktari wa meno mstaafu. Viatu vyeupe, meno meupe zaidi, kigari cha gofu chenye taa za rangi kama duka la pipi. Kampeleka Pelikani, meza ileile! Na pale penye nyongeza kaandika dola ishirini. Juu ya asilimia ishirini! Kwa supu na saladi!

Jioni bwawa zima la kuogelea lilikuwa na habari. Hal mwenyewe ndiye aliyezitangaza, akiwa majini mpaka kifuani. "Mzee Mort, nasikia umemwachia dada wa watu mstari! Mstari hauliki, babu!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane kuumia. Niliumia.

Inasemekana Lorraine alimbusu shavuni. Karibu kabisa na meno.

Jumatano, 11 Februari

Nimepata wazo. Nimelikagua pande zote, halina tundu.

Tatizo si kiasi. Asilimia ishirini ni pesa nzuri, na ni pesa yangu. Tatizo ni kwamba sifa anachukua mgahawa. Wangeiondoa ile ada, ningetoa asilimia ishirini ileile kwa mkono wangu, na Lorraine angeiona ikitoka. Gharama ileile, busu juu.

Nikaenda kumwona meneja, Bwana Castellón. Kijana mwenye adabu, tai imembana. Nikamwambia kwamba kumlazimisha muungwana kuwa mkarimu ni kumnyang'anya ukarimu wake. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema mimi binafsi nadhalilika kila nikiiona ile ada, kwa sababu moyo wangu ungependa kutoa zaidi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo ni amri ya mwenye mgahawa, ila ameguswa sana na ataona la kufanya. Naijua hiyo lugha. Nimeuza mazulia Brooklyn miaka arobaini, na "nitaona la kufanya" maana yake ni kwaheri. Kahawa hakunidai. Niliondoka na pakiti za sukari.

Ijumaa, 13 Februari

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Ada haiondoki? Vizuri. Nitaitangaza kama yangu!

Lorraine hasomi maandishi madogo bila miwani, na miwani haivai akiwa amejipamba. Kesho ni Siku ya Wapendanao, atakuwa amejipamba. Bili ikija nitasema kwa sauti, "Yolanda tumwachie asilimia ishirini, anastahili." Ni kweli tupu, anazipata. Kisha kwenye nafasi ya nyongeza nitaandika kitu kwa madaha, kalamu ionekane inafanya kazi. Nimefanya mazoezi nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Mstari mtupu unaonekana mkavu. Nimeamua kuchora kiuso kinachocheka.

Hal kapita na kigari, kapiga honi. Nikampungia mkono kama mtu asiye na neno.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika kwa ufupi. Mkono umechoka na mimi nimechoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Lorraine kavaa nguo nyekundu. Miwani mkobani. Nilimwagizia kamba wakubwa bila kutazama bei, yaani niliitazama mara moja tu. Akanieleza usiku mmoja huko New Jersey: meza ya watu kumi, walikula, walikunywa, wakamwachia kitambaa kichafu. Alikwenda kulia ndani ya chumba cha barafu ili wapishi wasimwone, na kesho yake mwanawe alikwenda shule na viatu vilevile vilivyotoboka. Nilitikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli, nisijidhulumu.

Bili ikaja. Nikasema maneno yangu kwa sauti. Nikachora kiuso changu kwa madaha. Nikatia saini. Lorraine akanishika mkono juu ya meza, akasema alinidhania vibaya, na kwamba kule melini jua linakuchwa upande wa kushoto na angependa mtu wa kulitazama naye. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mvulana. Nasema ukweli.

Tukasimama. Ndipo Castellón akaja, amenyoosha mkono, uso unameremeta. Akasema hawezi kuniacha niondoke bila kuniambia: yale maneno yangu ya Jumatano yalimgusa mpaka akamfuata mwenye mgahawa, akaniombea mimi, Bwana Zelnick, ruhusa maalumu. Kuanzia leo bili yangu haiongezwi kitu. "Ulisema unadhalilika, mzee wangu. Sasa uko huru, toa kadiri ya moyo wako!"

Nyuma yake alisimama Yolanda, ameshika bili.

Lorraine akauliza moyo wangu umetoa kiasi gani. Akafungua mkoba. Akavaa miwani. Akaichukua bili mkononi mwa Yolanda, akaisoma polepole, akakitazama kiuso, na kiuso kikamtazama.

"Mort," akasema, "mkono wa birika nimeuzoea, nilikulia na baba wa namna hiyo. Lakini hata kumchekea usoni?"

Nikasema nilidhani imeshajumlishwa. Yeye akasema ndiyo, hilo amelielewa. Kisha akamwachia Yolanda kila kilichokuwamo mkobani na akatembea kwenda nyumbani kwa miguu, na viatu vile.

Jumapili, 15 Februari

Hal kapita na kigari mara tatu. Hakupiga honi. Amekuwa na huruma ghafla, na huruma yake inaudhi kuliko honi.

Mchana Lorraine alipiga simu mwenyewe. Sauti imepoa. Alisema hajalitaja jina la Hal bado, kwa sababu Hal anatoa ili aonekane na kwenye meli atakuwa vilevile siku saba mfululizo. Mimi, alisema, angalau nilisikiliza habari za viatu. Basi ananipa nafasi moja. Kesho niende Pelikani nimpe Yolanda haki yake ya jana, mkononi, na nimwombe radhi kwa maneno ya kinywa. Si zaidi ya hapo. Nikimaliza, atanipigia, na jina litakuwa langu.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nikaweka pesa kwenye bahasha, na juu nikaongeza noti moja kwa hiari yangu. Sijawahi kujiona mtu mwema kiasi hiki.

Jumatatu, 16 Februari

Siku nzuri sana! Kila kitu kimemalizika.

Nilifika Pelikani bahasha mfukoni. Nikaagiza kahawa na pai ya ndimu ili nipige moyo konde. Yolanda alinihudumia bila kuniangalia. Nilikuwa karibu kabisa kutoa ile bahasha. Kidole kilikuwa kimeshaigusa. Bili ikaja.

Ada imerudi! Asilimia ishirini, juu ya kahawa yangu! Nikamwita Castellón. Alisema ndiyo, baada ya Jumamosi mwenye mgahawa ameamuru kila mtu aongezewe, na hasa mimi.

Nikakaa nikafikiri kama mtu mzima. Walivunja utaratibu Jumamosi, leo wameurudisha. Yolanda amelipwa na mgahawa, kutokana na pesa yangu, kwa mujibu wa sheria. Kumpa na bahasha ni kumpa mara mbili, na kumpa mara mbili ndiyo yale yale ya Hal ambayo Lorraine hayapendi. Nikapiga mstari kwenye nyongeza. Kiuso sikuchora. Mtu hujirekebisha.

La radhi nililitimiza. Nilimwita Yolanda nikamwambia yaliyopita yamepita na kwamba simlaumu hata kidogo. Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliguswa.

Kwa zile za bahasha nimenunua kofia ya nahodha, nyeupe, yenye nanga ya dhahabu mbele. Inanikaa vizuri.

Simu inaita. Ni Lorraine. Navaa kofia kwanza.