Goti la Mama Mkwe na Chupa ya Gegedu

Jumatatu, 2 Machi 1998
Leo nimezaliwa upya! Mgeni wa hotelini kwetu, chumba nambari kumi na nne, daktari wa mifupa kutoka Uswidi, alileta suruali yake mwenyewe kwenye chumba cha kufulia ninakofanya kazi. Tukazungumza. Akasema kwao goti likiharibika gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayokaa kati ya mfupa na mfupa, madaktari humkata mgonjwa kipande chake kama harage, wakakilea maabarani mpaka chembe zake hai zizaane, kisha wakamrudishia gotini. Na pengine matumbawe husafishwa, yakapachikwa penye mfupa uliovunjika, mfupa mpya ukaota kupitia vitundu vyake. Matumbawe! Sisi tunayakanyaga baharini! Aliendelea kueleza nani hafai kutibiwa hivyo, na kwa nini, lakini pasi ilikuwa inafoka mvuke, sikusikia. La muhimu nilikuwa nimeshalipata.

Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, goti la kulia limemshinda. Tangu kabla ya Ramadhani anaswali kitini. Halalamiki, ila nimemwona akiutazama mkeka. Shemeji yangu Mselem amemchongea mkongojo, na kijiji kizima cha Mwabungo kinamsifu. Mkongojo! Mimi nitampa goti.

Jumanne, 3 Machi
Bahari ilipokupwa nilikwenda kuokota matumbawe. Ndoo ilikuwa imefika nusu askari wa hifadhi ya bahari aliponishika. Nilimweleza kwamba haya ni magoti ya watu. Akauliza kama nina homa. Ndoo ikamwagwa, nikaachiwa kwa onyo.

Sikuvunjika moyo. Kwani nyumba zetu hazikujengwa kwa matumbawe? Jioni nimechomoa jiwe zuri lenye vitundu kwenye ukuta wa jiko. Mke wangu Nusra aliuliza mbona akikaanga samaki anamwona jirani akianua nguo. Nimemwambia ni hewa safi.

Jumatano, 4 Machi
Nilimwendea mama mkwe, nikamwamkia shikamoo, nikaketi kwa adabu, nikamwomba kipande cha goti lake kiasi cha harage. Akaitikia marahaba, kisha akauliza nitamkata kwa kisu gani. Sehemu hiyo nilikuwa sijaifikiria.

Basi, mbuzi! Menza wa buchani amenipa goti zima la beberu. Nimelikata gegedu, nikaliweka juu ya kipande cha lile jiwe la ukutani ndani ya chupa ya jemu, nikajaza maji ya dafu na sukari kidogo, kwa sababu chembe lazima zile. Nikafunga kifuniko barabara. Chupa nimeificha kazini, nyuma ya boila, tangi la kuchemshia maji, penye joto kama la mwili.

Tena nikapata habari mbaya. Mselem amesikia daktari bingwa wa mifupa atafika hospitali ya Msambweni Jumatatu, na ameshamwandikisha mama. Anataka kuniharibia! Nilimkimbilia mama nikamwambia asijisumbue na safari, goti lake jipya linakua. Akaniuliza:

“Una hakika, mwanangu?”

“Hakika kabisa, mama.”

Akasema basi atasubiri. Mselem, aliyekuwa ameketi karibu naye, alitoka bila kuaga. Ushindi!

Jumamosi, 7 Machi
Limekua! Lilikuwa harage, sasa ni tende. Tena limeota manyoya meupe mazuri. Maji yanatoa povu, maana yake chembe zinapumua. Nilitaka kumwonyesha yule daktari, lakini amesharudi kwao. Hasara yake. Angejifunza kitu.

Lennox, mwenzangu wa kufua, mtu wa Busia, amechungulia chupa akasema, “Boss, hii kitu imekufa kitambo.” Watu wa bara hawana subira.

Jumapili, 8 Machi
Chupa imepasuka. Saa nne asubuhi, mlio kama wa bunduki! Vitambaa vyote vya meza vya harusi ya leo vilikuwa vimetandazwa mbele ya boila. Vilikuwa vyeupe. Meneja, Bi Viola, aliingia akiwa ameziba pua, akauliza hicho kilichonata ukutani ni nini. Nikamwambia ni goti la mama mkwe. Hilo halikusaidia. Nimesimamishwa kazi wiki mbili.

Hata hivyo, nguvu ile! Gegedu dhaifu lingepasua chupa?

Jumatatu, 9 Machi
Asubuhi nilikwenda kumwomba mama aniongeze wiki mbili nilikuze jingine. Kiti kitupu. Jana Nusra alinusa shati langu, akakata shauri bila kuniuliza, na alfajiri yeye na Mselem wamempeleka Msambweni.

Walirudi alasiri. Daktari amemtoa maji gotini, amempa dawa na kumfundisha mazoezi. Kasema gegedu limelika ila halijaisha, lakini angekaa zaidi goti lingekakamaa kabisa.

Nilimwamkia. Aliitikia. Kisha akasema taratibu, “Ubeid mwanangu, mimi nilikuamini. Ningekaa nyumbani kwa ajili yako. Wewe ukipasua chupa utatafuta nyingine. Goti hili nitalitafuta wapi?”

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaketi. Mselem akaniletea chai, akaiweka chini, akarudi ndani. Bora angenitukana.

Ijumaa, 3 Aprili
Mama amesujudu! Alasiri, polepole, Nusra akiwa amemshika mkono, mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alikaa pale chini hata tukaingiwa na hofu kwamba hawezi kuinuka. Kumbe analia. Nusra naye akalia. Mselem akageukia dirishani. Mimi niliingiwa na moshi machoni, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

Alipoinuka alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru Mselem na Nusra. Mimi kanisahau, ni uzee. Lakini tuwe wakweli: kabla yangu, nani alilishughulikia goti lile? Mselem alimwandikisha kwa sababu ya kunionea wivu. Kwa hiyo mwanzo wa tiba ni mimi.

Nikienda dukani nimekutana na Rai, fundi baiskeli. Ameanguka, meno mawili ya mbele yanacheza. Amepangiwa kumwona daktari wa meno Ukunda Jumatatu. Nimemchunguza kinywa kwa makini. Jino ni kitu kidogo sana, halina hata kiungo. Nimemwambia asiende popote.